Stori yako ya falme na majoka inavuja? Kagua hapa kwanza

Mi niko Moshi, Majengo, nina steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, na kwa miaka kadhaa sasa watu wananiletea simulizi zao nizichape, wengine wanakuja na kaunta buku limejaa mpaka ndani ya jalada, wengine wananitumia sauti WhatsApp nizigeuze maandishi, na nyingi ni zile ndefu za falme, majoka, panga za mababu na wachawi wa milimani, SEHEMU YA 1 mpaka SEHEMU YA 90. Siwezi kuchapa bila kusoma. Nikishasoma mtu ananiuliza, aisee unaionaje, na mi namwambia ukweli mana nazipenda sana hizi stori na inaniuma kuona stori nzuri ya miezi minane inakufa sehemu ya 60 kwa sababu watu wameacha kuamini.

Kitu cha kushika kabla ya yote. Bati likivuja maji yanadondokea kwenye kochi, ila msumari uliolegea unaweza kuwa huko juu upande wa jikoni, maji yametembea na mbao mpaka yakafika sebuleni. Msomaji anaonesha kochi. Anakwambia "sehemu ya 41 haieleweki" na yuko sahihi kabisa kwamba ameloa, lakini ukikimbilia kuiandika upya sehemu ya 41 unahangaika na kochi. Kwenye simulizi nilizochapa mi, msumari karibu kila mara nimeukuta kwa mtu, yani kuna mhusika mahali amefanya jambo ambalo yeye mwenyewe halihitaji, mwandishi ndo alikua analihitaji.

Kwaiyo hapa chini naanza na dalili kama msomaji anavyoisema, alafu tunapanda juu ya bati.

KWANZA HAKIKISHA NI TUNDU KWELI

Msomaji mwenye arosto, yani hamu kali ya sehemu inayofuata, analalamika vitu viwili tofauti kwa sauti ileile. Kimoja ni "sijajua bado", mfano nani alimuua mfalme mzee, hilo sio tundu, hilo ndo linalomfanya kesho arudi. Kingine ni "haiwezekani", yani ulichosema sehemu ya 9 na ulichosema sehemu ya 41 haviwezi kuwa kweli vyote viwili, hilo ndo tundu lenyewe. Na kuna cha tatu, mhusika amekosea. Mtu kuamua vibaya sio tundu. Malkia akiwa na hasira akatuma jeshi usiku wa mvua, ni kosa lake na alipe, cha msingi tuwe tulishaiona hiyo hasira kabla.

Ukigundua ni "sijajua bado" acha, usijibu mapema kwa kuogopa komenti.

DALILI: "SI ANGETUMIA TU ILE KITU TANGU MWANZO?"

Hii ndo inayoongoza. Chalii mmoja wa Ngaramtoni aliniletea stori ambayo sehemu ya 9 stelingi anaokolewa na korongo, yule ndege, ila mkubwa sana, anambeba mgongoni anamvusha ziwa lote kwa muda wa kupika ugali, imeandikwa vizuri mpaka unasikia upepo. Sehemu ya 41 jeshi lilelile la stelingi linatembea wiki tatu jangwani, watu wanakufa kwa kiu, na huyo korongo yuko wapi hatujui. Wasomaji wakamjia juu. Yeye akataka kuongeza mstari kwamba korongo alikua mgonjwa.

Hata Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, hajaachwa na hili, mpaka leo watu wanauliza kwa nini tai waliokuja kuwatoa Frodo na Sam mwishoni hawakuwapeleka toka mwanzo, na mwenyewe aliwahi kuandika kwenye barua kwamba hao tai ni mashine ya hatari na amewatumia kwa kubana sana. Alijua anacheza na nini.

Sababu yake: nguvu iliingia kwenye stori kama mwokozi. Mwandishi alikwama, stelingi yuko kando ya ziwa na maadui nyuma, akaleta korongo. Korongo mwenyewe hakua na shida yoyote na huyo kijana. Na kitu kinachokuja bila kutaka chochote hakina sababu ya kutokuja tena.

Ugonjwa wa korongo hautibu, mana hapo umeziba kochi. Rudi sehemu ya 9 umuulize korongo anataka nini. Tulikaa na yule chalii mpaka giza linaingia, tukapata kwamba korongo ana deni na mama wa stelingi, aliwahi kumtoa kwenye mtego, na deni la ndege ni safari moja. Basi. Sasa sehemu ya 41 kijana akiangalia juu jangwani haoni kitu, na anajua kwa nini, na anajua alilitumia deni la mama yake kukimbia watu watano tu wenye mikuki, na hapo tundu limegeuka kua majuto. Alibadilisha mistari sita sehemu ya 9 na mmoja sehemu ya 41.

Bei ya nguvu ionekane kabla haijahitajika. Ukiitaja siku ileile inayohitajika msomaji ataona umeitunga saa hiyohiyo, na kweli umeitunga.

DALILI: WATU WENYE AKILI WANAKUA WAJINGA GHAFLA

Hapa nakaa kidogo mana ndo penye dawa yenyewe.

Walinzi wanamwacha mfungwa na funguo. Jemadari aliyeshinda vita ishirini anasahau kuweka mtu kwenye daraja. Mchawi anayesoma mawazo hasomi mawazo ya msaliti aliyekaa naye meza moja. Msomaji anasema "jamani hawa si walikua na akili juzi?"

Sisi tunayo stori ya zamani inayofundisha hili kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, Liyongo. Wengi tuliisikia shuleni kwa juu juu, Liyongo alitoroka gerezani, mwanawe akamchoma sindano, kwisha. Irudie polepole, ile ya utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, uangalie kutoroka kwenyewe kulivyopangwa.

Liyongo amefungwa minyororo, nje kuna walinzi. Anahitaji tupa akate chuma. Matundu mawili makubwa hayo: tupa itapitaje kwa walinzi, na akianza kukata chuma watakosaje kusikia? Mwandishi wa haraka angesema walinzi walilala. Kwenye Liyongo walinzi wako macho kabisa. Kijakazi anaitwa Saada ndo anamletea chakula toka kwa mama yake, na walinzi wamezoea kukila kile kizuri wao. Kwaiyo Liyongo anampelekea mama ujumbe aoke mkate wa wishwa, mkate wa pumba, mkavu mbaya, na tupa aitie ndani. Chakula kikifika walinzi wanachukua kitamu, ule wa wishwa wanamtupia mfungwa kwa dharau. Wamempa tupa kwa mikono yao! Alafu kelele. Ameambiwa atauawa, anaulizwa anataka nini mara ya mwisho, anaomba apigiwe ngoma ya gungu. Watu wanakuja, ngoma inapigwa, yeye ndani anakata chuma na hakuna anayesikia.

Angalia kilichoziba yale matundu. Tundu la kwanza limezibwa na ulafi na dharau, la pili limezibwa na watu kupenda ngoma. Walinzi wana akili zao timamu, wanafanya kitu wanachokitaka kila siku, na hicho wanachokitaka ndo mlango. Hakuna sheria ya uchawi hapo, hakuna maelezo ya ukurasa mzima kuhusu ratiba za zamu.

Kwaiyo ukiwa na mlinzi unayetaka ashindwe, usimpunguzie akili. Mpe hamu. Anadaiwa, au ana mtoto anaumwa nyumbani anataka kuwahi, au anamchukia mkuu wake na anafurahi kimoyomoyo mambo yakiharibika, au anapenda kusifiwa na mfungwa anajua kusifia. Alafu ioneshe hiyo hamu mara mbili kabla, kwa mambo madogo yasiyo na madhara, ili siku inapoleta madhara msomaji aseme "ahaa, ndiyo maana".

Hilo neno ndiyo maana ndo kipimo changu. Nikichapa naweka penseli pembeni ya kila tukio kubwa, kama naweza kusema ndiyo maana napita, kama nalazimika kusema "alafu tu ikatokea" naweka alama. Kuna kaunta buku moja nililiwekea alama 31 kwenye kurasa 80, mwenyewe alinyamaza muda mrefu sana akiyapitia, alafu akaniomba ile penseli.

DALILI: STELINGI ANAONDOKA NYUMBANI KIRAHISI

Mzee mwenye ndevu amekuja, amesema utabiri umekutaja wewe, kijana kachukua fimbo kaondoka. Mistari minne. Msomaji hata hasemi ni tundu, anakwambia tu "stelingi ananiboa", na wewe unaanza kumuongezea misuli na panga zuri zaidi.

Utabiri haumtoi mtu kitandani saa kumi alfajiri. Kinachomtoa ni kitu anachokikimbilia au kinachomkimbiza.

Dereva bodaboda mmoja wa hapa mjini anaandika stori ya mchunga mbuzi anayeitwa na falme tatu, na anaandika vizuri sana, ila kuondoka kwa mchungaji ndo kulikua hivo. Nikamuuliza, hiyo pikipiki yako ni ya mkataba si ndio, kila siku una hela ya kupeleka kwa bosi, sa hivi akija mzee hapa kijiweni akakwambia falme zinakuita, unafanyaje? Akacheka kwanza. Baadaye akasema, "Ntamuuliza pikipiki nani ataipeleka." Nikamwambia basi, mchungaji wako hajauliza mbuzi nani atawachunga.

Aliirudia. Sasa mbuzi sio wa kijana, ni wa mjomba, na wawili wamepotea kwa uzembe wake, na mjomba anarudi kesho jioni toka gulioni. Mzee wa utabiri anafika usiku uleule. Kijana anaondoka naye kwa sababu anamuogopa mjomba, utabiri hata haujamuingia akilini, na ule uongo unamfuata mpaka sehemu ya 30 anapoambiwa mbele ya wafalme watatu kwamba yeye ni shujaa aliyeacha vyote, na anajua hakuacha chochote, alikimbia mbuzi wawili. Mi nilipochapa hapo mikono ilisimama kwenye kibodi.

Jiulize mhusika wako anapoteza nini akibaki nyumbani na anapoteza nini akiondoka. Kama jibu la yote mawili ni "hakuna", hajaondoka, umemhamisha.

DALILI: ADUI ANATAKA KUTAWALA DUNIA NZIMA

Na ukiuliza dunia nzima ya nini, kimya. Adui wa namna hii anavujisha kila mahali mana kwa kuwa hana anachokitaka hasa, anafanya chochote ambacho sehemu ya leo inahitaji. Leo anamuua mjumbe, kesho anamwacha stelingi hai "ili ateseke", keshokutwa anaeleza mpango wake wote.

Mpe kitu kidogo. Kitu chenye mahali. Mtu anayetaka kitu kimoja chenye jina anatisha kuliko anayetaka vyote, kwa sababu unaweza kumuelewa.

Sisi wa huku mlimani hatuna haja ya kutafuta mbali. Dada mmoja wa Usa River alikua na malkia mbaya wa kaskazini, baridi, taji jeusi, anataka dunia. Bibi yake dada ni wa Marangu, kakulia kwenye mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayotoa maji juu msituni kuyaleta mpaka kwenye vihamba, yani mashamba ya nyumbani, na kila mtu wa huku anajua anayekaa juu ya mfereji ameshika shingo ya anayekaa chini. Nikamuuliza, malkia wako alikaa juu au chini? Akafikiri. Chini, akasema. Basi malkia akazaliwa upya: binti wa kihamba cha mwisho, ambako maji yalikua yanafika matope tu, mwaka mmoja wa ukame wale wa juu wakafunga mfereji siku tisa na mdogo wake akafa siku ya saba. Sasa ana jeshi na anapanda mlima. Hataki dunia, anataka kukaa pale mfereji unapoanzia, alafu aamue yeye. Kila anachofanya sasa kinafuata hapo, hata huruma yake inafuata hapo, hachomi kijiji chochote cha mwisho wa mfereji.

Na stelingi kwenye ile stori ni mjukuu wa waliofunga. Yani vita vyote vimepata maana kwa swali moja la maji.

Hamu inaweza pia kukaa vizazi. Mangi Meli, yani mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, ukoo wake umekua ukikitafuta wakizike. Naiandika hii kwa heshima kwa sababu ni msiba wa watu wa kweli. Ila mwandishi anayesema hajui mhusika wake atatembea miaka hamsini kwa ajili ya nini, aangalie watu wanavyoweza kutaka jambo moja tu, mzee wao apumzike kwao.

DALILI: MSALITI KABADILIKA USIKU MMOJA

Rudi tena kwa Liyongo. Anayemuua ni mwanawe wa kumzaa, na bado tunaamini, kwa sababu kijana ameahidiwa kuozeshwa binti wa mfalme. Ni kitu kidogo ukilinganisha na baba, na hapo ndo panapouma. Na harusi yenyewe hakuipata.

Kwa msaliti wako: nani alimuahidi nini, na lini tulimuona akikiangalia hicho kitu kwa macho ya kukitamani? Kama hatukumuona, rudi nyuma sehemu kumi umuweke mezani anakiangalia. Sentensi moja inatosha, ikizidi utakua umemtangaza.

DALILI: WANAFIKA HARAKA MNO

Hii ni fupi, ni hesabu tu. Hata tamthilia ya Game of Thrones, sizini ya 7 mwaka 2017, watazamaji walilalamika sana watu na majoka wanavyovuka bara kama wanavuka barabara.

Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80, kwa Kosta ni saa mbili na kitu. Misafara ya zamani ya wabeba mizigo ilikua inakwenda kama kilomita 15 mpaka 20 kwa siku, kwaiyo weka siku nne au tano, na jeshi lenye ng'ombe na majeruhi linachelewa zaidi. Milima ndo usiseme. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895 na wapandaji wanatumia siku tano mpaka saba au zaidi ili mwili uzoee hewa nyembamba, ukiwahisha sana kichwa kinauma, unatapika, wengine wanashushwa kwa machela. Alafu wewe umevusha askari elfu tatu kilele cha barafu usiku mmoja, asubuhi wanapigana! Muulize pota yeyote, mbeba mizigo wa mlimani, aliyeshuka jana atakupa sura tatu za bure.

Na hapo usiishie kwenye hesabu. Kama lazima wawahi, nani aliyetaka wawahi, na alikubali kumwacha nani njiani? Jemadari akichagua kuacha wagonjwa ili awahi, umeziba tundu na umepata tukio.

NYINGINE NDOGO NDOGO

Mhusika kapotea, alienda kuteka maji sehemu ya 12 hajarudi: weka daftari la majina, kila sehemu andika nani yuko wapi na anataka nini. Mfu kafufuka: sawa, ila kuanzia hapo hakuna kifo kitakachomuumiza msomaji, kwaiyo pima. Macho yalikua ya kahawia yamekua ya kijani: rekebisha uendelee, hakuna aliyeacha stori kwa ajili ya macho.

KAMA SEHEMU ZIMESHATOKA NA WATU WAMESHALIPIA

Kwa kitabu unarudi nyuma unasahihisha. Kwa simulizi za simu sehemu iliyotoka imetoka, mtu amelipa kwa M-Pesa anayo kwenye simu yake, usije ukasema "ile sehemu ya 9 msiihesabu", watu hawatakusamehe na wana haki.

Unachofanya ni kumpa mhusika lile swali la msomaji. Mtu ndani ya stori, mwenye haki ya kukasirika, amuulize stelingi usoni: "Ulikua na yule korongo, mbona hukumuita wakati mdogo wangu bado yuko hai?" Alafu stelingi lazima ajibu, na jibu limgharimu, kama ni siri aliificha basi itoke, kama ni woga basi uonekane. Nimeona hii ikigeuza komenti za matusi kua watu wanaandika "daah". Usimpe swali mhusika mchekeshaji alitupie utani, hapo unamwambia msomaji umeliona tundu na hukujali.

Dada wa Usa River alifika juzi na kaunta buku la tatu. Malkia ameshafika juu kabisa, amesimama pale mto unapoingia mfereji, koleo liko mkononi, chini kuna kijiji cha waliomfungia na kuna kile kihamba cha mwisho alikozaliwa, na vyote viwili vinakunywa mfereji mmoja, akifunga anafunga kwa wote. Amebakiza sehemu sita. Nikamuuliza atafanyaje, akasema bado hajui, malkia bado anaangalia maji.